Habari za Njia ya Kale ya Ugogo na Maji Yake

Mtu apandaye treni ya umeme Dar es Salaam siku hizi hufika Dodoma kwa muda wa saa nne hivi. Amekaa kitini, chupa ya maji i mkononi mwake, na nchi yampita dirishani: mibuyu, vichaka vya miiba, mito ya mchanga mtupu, ng'ombe na mchungaji wao. Akiangalia sana ataona jambo lingine tena. Ataona kijia chembamba kinatoka penye nyumba, kinapita kati ya mashamba ya uwele, kinaingia porini, wala hakipotei. Hajui kiendako, naye hana haja ya kujua. Lakini zamani aliyejua viendako vijia hivyo aliishi, na asiyejua aliweza kufa kwa kiu.

Katika kitabu cha jubilei ni desturi kuandika habari za makanisa, shule na hospitali. Mimi nimeona vema kuandika habari za njia, maana kazi yetu sisi makatekista ni kazi ya miguu, na kabla ya jengo lo lote kusimama palikuwa na njia aliyoijia mjenzi. Tena liko jambo moja ambalo nataka tulitengeneze katika fikira zetu na za watoto wetu. Vitabu vya wasafiri wa kale vimewasema Wagogo kuwa watu wakorofi, waliozuia njia ili kuwanyang'anya wapitao. Maneno hayo yamesomwa sana, hata wako Wagogo wenyewe wayasemao kwa kicheko. Nataka tuyapime kwa haki, na kipimo chenyewe ni maji.

1. Nchi na visima vyake

Ugogo ni uwanda wa juu katikati ya Tanzania. Mji wa Dodoma u juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,100 na zaidi kidogo. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, nayo kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Wala haina ahadi. Mwaka mmoja yajaza mabonde, na mwaka wa pili yaja manyunyu machache, kisha jua. Baada ya hapo ni kiangazi cha miezi saba na zaidi.

Mito yetu mingi ni mito ya mchanga. Maji hupita siku chache kwa kishindo, kisha mchanga hubaki peke yake, na atakaye kunywa hana budi kuchimba. Akina mama waijua kazi hiyo. Mtu huchimba kwa mikono na kwa kata hata shimo limfike kiunoni, kisha hungoja. Maji hujikusanya polepole chini. Huteka kibuyu kimoja, akangoja tena. Kisima cha namna hiyo chatosha nyumba chache na mifugo yao. Aliyekichimba hukizungushia miiba ili ng'ombe wa watu wasikibomoe, na kila mtu kijijini ajua ni kisima cha nani.

Basi vijia vyetu havikuchorwa na mtu mwenye kalamu. Vilianzia mlangoni pa tembe vikaenda kisimani. Kutoka kisimani vikaenda malishoni. Kutoka malishoni vikaenda kwa jirani na kwa wakwe. Watu waliochukua chumvi ya mbuga ya Bahi kwenda kuiuza walivifuata. Vijia vikaunganishwa na miguu ya watu, vikawa njia ndefu. Ndiyo sababu njia ya kale ya Ugogo haikunyooka. Mgeni aliiona imepinda kama njia ya mlevi, kumbe ilikuwa yaenda kutoka kisima hata kisima.

Hata jina la mji wetu mkuu latokana na jambo hilo. Idodomya maana yake ni mahali palipozama, na wazee husimulia habari za tembo aliyekuja kunywa maji kijitoni akazama matopeni.

2. Vituo vya njia kuu

Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilitakiwa sana Unguja, na kutoka huko zilipelekwa Bara Hindi, Ulaya na Marekani. Hapo ndipo misafara ilipozidi: ya Wanyamwezi walioshuka pwani, na ya Waarabu na Waswahili waliopanda bara. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapanda milima ya Usagara, ikapita Mpwapwa, ikavuka Ugogo, ikafika Tabora, ikaishia Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Urefu wake ulikuwa yapata kilometa 1,200. Burton na Speke waliifuata mwaka wa 1857, na Stanley mwaka wa 1871 alipokwenda kumtafuta Livingstone. Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, naye aliipita, akasimulia maisha yake kwa Kiswahili.

Sehemu yetu ilianzia Mpwapwa. Hapo pana milima na kijito, na misafara ilipenda kupumzika, kununua nafaka na kutengeneza mizigo. Mbele yake ni Chunyo, penye maji ya chumvi, na baada ya Chunyo ni pori lililoitwa Marenga Mkali. Katika Kigogo malenga ni maji. Basi jina lenyewe lilikuwa onyo kwa mgeni. Pori hilo lilikuwa karibu kilometa 50, pasipo maji ya kutumainiwa. Watu hawakuanza kulivuka asubuhi kama ilivyokuwa desturi ya safari. Walipika, wakala, wakanywa, wakajaza vibuyu, wakaondoka adhuhuri. Walikwenda hata usiku, wakalala pasipo maji, wakaondoka tena kabla ya mapambazuko ili wafike visimani kabla jua halijawashinda. Mwendo huo wa alasiri wapagazi waliuita tirikeza. Stanley alilivuka pori hilo mwezi wa Mei 1871, hali ana homa, naye alikuwa amejiunga na misafara mingine, maana hakupenda kuingia Ugogo peke yake.

Ng'ambo ya pori zilifuata nchi za watemi, moja baada ya moja. Iliyojulikana sana ni Kanyenye, alikotawala mtemi Magomba, aliyetajwa na Burton na tena na Stanley. Kisha njia, kwa matawi yake, ilielekea magharibi hata ukingo wa Bonde la Ufa, pande za Kilimatinde na Mdaburu. Baada ya hapo palikuwa na pori lingine, refu kuliko lile la kwanza, nalo liliitwa Mgunda Mkali. Toka Mpwapwa hata Kilimatinde ni kama kilometa 200. Msafara uliokwenda vizuri uliweza kuzimaliza kwa wiki mbili. Lakini misafara mingi haikwenda vizuri.

3. Watu waliochukua mizigo

Ukisoma vitabu vya safari, jina la bwana msafiri lipo katika kila ukurasa. Walakini njia haikukanyagwa na bwana mmoja. Ilikanyagwa na wapagazi, makumi ya maelfu kila mwaka, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kichwani au begani, na juu yake mtu aliongeza mkeka wake, chungu chake na posho yake. Mwenye nguvu nyingi alipewa pembe, naye alijivunia mzigo huo.

Mbele ya wote alikwenda kirangozi, amevaa joho jekundu na manyoya kichwani, na hapana mtu aliyeruhusiwa kumtangulia. Kazi yake ilikuwa kuijua njia. Penye njia panda alilaza tawi bichi au alichora mstari kwa mguu katika mchanga, akaifunga njia isiyofaa, ili wale walio nyuma, ambao huenda wamechelewa saa mbili au tatu, wasipotee. Nalipenda sana jambo hili tangu nilipolisikia mara ya kwanza. Yule mtu alikuwa akisema na watu asiowaona.

Katika watu hao wako ambao majina yao hayana budi kujulikana na kila mtoto wa shule. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao. Alitekwa utotoni akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, akapata uhuru akarudi Unguja. Aliingia bara pamoja na Burton na Speke mwaka wa 1857, na Speke na Grant mwaka wa 1860, na Stanley mwaka wa 1871, na Cameron mwaka wa 1873. Waliobadilika ni mabwana. Aliyeijua njia ni yeye. Tena wako James Chuma na Abdullah Susi. Livingstone alipokufa tarehe 1 Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, wao na wenzao, pamoja na Jacob Wainwright aliyekuwa msomi, waliukausha mwili wake, wakauchukua hata Tabora, na kutoka Tabora hata Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874.

Lakini wengi hawana jina. Ndui iliwapata safarini, au kuhara, au kiu, wakaachwa kando ya njia. Hapana jiwe lililosimamishwa juu yao. Tupitapo katika vijia hivi twawapita bila kujua.

4. Hongo

Sasa nafika kwenye neno lile nililolitaja mwanzo. Kila msafara uliopita nchi ya mtemi ulitozwa hongo: nguo za merikani na kaniki, shanga, masango ya shaba, wakati mwingine majembe au baruti. Mjumbe alikwenda kwa mtemi na zawadi, mtemi akaikataa kuwa ni ndogo, ikaongezwa, ikakataliwa tena, hata siku tatu au nne zikapita, na wapagazi wamekaa wakila posho. Wasafiri walikasirika. Waliandika kwamba Wagogo ni wezi, na vitabu vyao vikaenda dunia nzima. Mwenye kulipa alisimulia; mwenye kulipwa hakuandika kitabu.

Basi na tufanye hesabu. Msafara mkubwa ulikuwa na watu 1,000, pengine zaidi, pamoja na punda. Tuseme kila mtu anahitaji lita nne tu kwa siku, za kunywa na kupika. Hizo ni lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita ishirini, kwa siku moja, tusihesabu punda. Kumbuka sasa kile kisima cha mchangani, kibuyu kimoja, kungoja, kibuyu cha pili. Kijiji chenye visima vichache kikiwakaribisha wageni hao kwa siku tatu mwezi wa Oktoba, ng'ombe wa kijiji watakunywa nini? Na mama aliyechimba tangu alfajiri atarudi nyumbani na nini? Kadhalika chakula. Mtama na uwele uliouzwa kwa wapitao ulikuwa akiba ya watoto mpaka mavuno yajayo, ambayo hayakuwa na hakika.

Njia haina mwenyewe, lakini kisima kina mwenyewe. Hiyo ndiyo sheria iliyokuwa chini ya hongo. Watu wa pwani husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wagogo hawakumpa mgeni jembe, walimwomba nguo. Siku hizi twasimama katika foleni penye bomba la kijiji, twalipa fedha kwa ndoo, wala hapana amwitaye msimamizi wa bomba mnyang'anyi. Twajua kwamba mashine yataka mafuta, na bomba lataka fundi. Je, mikono iliyochimba mchanga haikutaka ujira?

Lakini haki ina pande mbili, nami sitaki kuandika habari za kuwapendeza Wagogo tu. Wako watemi waliozidisha. Wako waliouona msafara umedhoofika kwa ugonjwa wakautoza zaidi, hali uliposhiba bunduki waliutoza kidogo. Na hiyo si haki ya kisima, ni nguvu tu. Tena nguo iliyolipwa kwa mtemi haikufika sikuzote kwa yule mama aliyechimba. Kwa upande wa pili, misafara nayo ilikata mabua mashambani, iliingia visimani kwa nguvu, na mara nyingine risasi ndizo zilizokuwa hongo. Mambo hayo yote yalikuwako. Ninachokataa ni kule kutaja kosa la mwenyeji na kunyamaza juu ya kiu yake.

Liko neno zito kuliko hayo. Katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo na makongwa shingoni, wanaume, wanawake na watoto, wakipelekwa pwani kuuzwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, lakini minyororo haikukoma njiani siku ile. Mwenye watumwa alilipa hongo kama mwenye pembe, nayo ikapokelewa. Nguo zile zilikuwa nguo kama nguo nyingine; hapana mtemi aliyeona alama ya mnyororo juu yake. Tukitaka kuwatetea babu zetu kwa haki, na hili tulikubali kwa haki. Kisima kilikuwa chao, na maji yalinywewa na mfungwa na mfungaji pamoja. Lakini aliyefaidika na njia hakuuliza sana ni nani apitaye.

5. Magurudumu yashindwa na miguu

Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa mwaka wa 1876 wakiwa safarini kwenda Uganda, na kazi ya kudumu ilianza mwaka wa 1878. Hawakuichagua Mpwapwa kwa uzuri wa milima yake. Waliichagua kwa sababu ile ile iliyowafanya wapagazi wapige kambi hapo: palikuwa na maji, na kila mtu alipita.

Mmoja wao, Alexander Mackay, alikuwa fundi wa mashine. Aliona ni jambo baya kwamba mwanadamu achukuliwe kama punda, akataka kuleta magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mwaka wa 1877 alikata barabara kutoka Saadani pwani hata Mpwapwa, maili 230, yaani kilometa 370, akafyeka miti na kutengeneza vivuko vya mito. Nia ilikuwa njema na kazi ilikuwa kubwa. Lakini mbung'o waliwauma ng'ombe wakafa, na matope ya masika yakayameza magurudumu. Majani yakaota katika barabara, na mizigo ikarudi kichwani mwa watu. Wenyeji walikuwa wamekwisha kujua kwamba ng'ombe hawapitishwi katika pori lile. Ndiyo maana njia ilikuwa nyembamba, upana wa mguu wa mtu.

Hivyo walimu wa kwanza walikwenda kwa miguu kama watu wote, Mpwapwa, Kisokwe, Mamboya, na baadaye Mvumi, Buigiri na Kilimatinde. Walifuata vijia vya kisimani, maana mwenye kutaka kuonana na watu katika Ugogo, na aende kisimani. Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoundwa mwaka wa 1927, chini ya Askofu George Alexander Chambers, vijiji vyake vingi vilifikiwa bado kwa njia hizo tu.

6. Reli na ukimya

Mwaka wa 1889, katika vita vya pwani, Bushiri alikishambulia kituo cha Wajerumani kilichokuwa Mpwapwa. Mwaka huo huo Wajerumani walirudi wakajenga ngome, na baadaye wakaweka boma Kilimatinde. Hongo ikapigwa marufuku. Mahali pake ilikuja kodi, ambayo haikuuliza kama kisima kina maji.

Kisha ikaja reli. Ilianza Dar es Salaam mwaka wa 1905, ikafika Morogoro mwaka wa 1907, Dodoma mwaka wa 1910, Tabora mwaka wa 1912, na Kigoma mwaka wa 1914. Reli haikufuata kijia cha kale kila mahali. Mpwapwa iliachwa kando, stesheni yake ikawa Gulwe. Kilimatinde nayo iliachwa, stesheni ikawa Manyoni. Mahali palipokuwa na kelele za ngoma, punda na watu elfu pakawa kimya. Dodoma, ambayo haikuwa kituo kikuu cha misafara, ikawa mji. Mji mmoja hukua kwa njia na mwingine hunyauka kwa njia, na mara nyingi mtu aliyeamua hakuwahi kunywa maji ya mahali pale.

Watu walidhani mzigo wa kichwani umekwisha. Haukuwa umekwisha. Vita kuu ilipoanza mwaka wa 1914, wamisionari Waingereza walizuiliwa na Wajerumani, na baadhi ya walimu Waafrika wakafungwa, wako waliopelekwa hata Tabora. Majeshi ya Waingereza yalitoka Kondoa, yakaingia Dodoma mwezi wa Julai 1916. Pande zote mbili zilichukua ng'ombe, zilichukua nafaka, na zilichukua wanaume kuwa wapagazi. Mashamba yakakosa mikono, na mvua nayo ikakosekana. Ndipo ilipokuja njaa ambayo Wagogo huiita Mtunya, kati ya miaka ya 1917 na 1920. Wanahistoria hukadiria kwamba yapata mtu mmoja katika kila watano wa Ugogo alikufa. Watu walitoka vijijini kutafuta chakula, wakazifuata njia zile zile za babu zao, na wengi hawakufika.

Nawaomba wasomaji wasimame kidogo hapa. Katika siku za hongo wageni walikunywa maji na kula nafaka, wakalipa nguo, wakatukana. Katika siku za vita wageni walichukua vyote kwa amri, na hapana mtemi aliyekuwa na nguvu ya kuwaambia, "Ngojeni, kisima hiki kina mwenyewe." Kama mtu ataka kujua hongo ilikuwa na kazi gani, na aangalie yaliyotokea ilipokuwa haipo. Sisemi kwamba hongo ingaliizuia Mtunya. Vita vile vilikuwa vikubwa kuliko mtemi ye yote. Nasema kwamba nchi kavu ambayo wenyeji wake hawawezi kukataa, ni nchi iliyo karibu na njaa.

7. Njia zilizobaki

Baada ya hayo yalikuja mambo mengine. Mwaka wa 1971, katika Operesheni Dodoma, watu wengi walihamishwa kutoka matembe yaliyotawanyika wakakaa katika vijiji vikubwa. Vijia vingi vya kale vilikosa watu wa kuvikanyaga, navyo vikafunikwa na miiba. Vipya vikaanza penye bomba na penye shule. Mwaka wa 1973 Dodoma ikachaguliwa kuwa makao makuu ya nchi, na leo barabara za lami zatoka humo pande zote nne.

Hata hivyo njia za miguu hazijafa. Nenda Mpwapwa uangalie mlima Kiboriani. Utaona watu wakishuka na kupanda kwa vijia ambavyo hapana gari liviwezalo. Katika vijiji vyetu vingi mgonjwa, mwanafunzi na mama mwenye ndoo bado watumia njia ya upana wa mguu. Nami nikienda kufundisha katika kijiji cha mbali wakati wa kiangazi, naiacha barabara kuu na kufuata kijia, maana barabara yafuata hesabu ya mhandisi, lakini kijia chapita penye kivuli na penye maji.

Mwaka wa 2006 serikali yetu iliiandikisha njia ya kale ya misafara katika orodha ya awali ya UNESCO, pamoja na vituo vyake sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Vituo vitano katika hivyo vimo katika habari hizi nilizowaandikia. Jambo hilo ni jema, lakini orodha haiwezi kukanyaga njia kwa ajili yetu. Huko Uswisi, nchi ya milima ya theluji, watu walipiga kura mwaka wa 1979, wakaweka katika katiba yao kwamba njia za miguu zilindwe. Leo wana kilometa 65,000 za njia hizo, zote zimewekwa alama za rangi, na hata kijiji kidogo cha mlimani kina kibao kinachomwonyesha mgeni njia na saa za kutembea. Wale ni matajiri, tena wana magari na treni nyingi kuliko sisi. Walakini hawakuona aibu kulinda njia ya miguu.

Sisi hatuna haja ya kungoja kura wala rangi. Iko kazi ambayo kila mtaa waweza kuifanya katika mwaka huu wa jubilei. Wachukueni watoto wa shule siku moja ya kiangazi, pamoja na mzee mmoja na mama mmoja ajuaye visima. Wafuateni kwa miguu. Kila kisima na ulizeni jina lake, na nani alikichimba, na njia iliyotoka hapo ilikwenda wapi. Andikeni majina hayo katika daftari, na daftari likae kanisani pamoja na kitabu cha ubatizo. Wazee waliosimuliwa Mtunya na wazazi wao wanapungua kila mwaka, na jina la kisima likisahauliwa hapana reli iwezayo kulirudisha.

Na mtoto atakaposoma katika kitabu kwamba babu zake walikuwa wanyang'anyi wa njiani, mwalimu wake asimfundishe kukasirika, wala asimfundishe kucheka. Ampeleke mtoni, ampe kata, amwambie achimbe mchanga hata shimo limfike kiunoni, angoje kibuyu kimoja kijae. Kisha amwulize: wakija wageni elfu moja jioni hii, utawaambia nini?

Kirangozi wa kale alilaza tawi penye njia panda kwa ajili ya watu waliokuwa bado nyuma yake. Wengi wetu tu wazima kwa sababu ya matawi ya namna hiyo. Basi na sisi, kabla hatujapita, tulaze letu.